Mlango wa Kichochoroni

Mtaa wa Kinu,
Kitale.
9 Februari 2025

Mulamwa wangu Wamalwa,

Usishtuke kupata barua kama mtu aliyeitwa na chifu. Simu ninayo, lakini nyumba hii unaijua. Kuta ni za mawe ya kuchonga, na mtandao haupenyi. Nikitaka kuongea na mtu lazima nitoke uwanja wa nyuma, nisimame kati ya jiko la nje na chumba cha mama yako, na hapo hata nikinong'ona anasikia, na dukani kila mteja ana masikio. Jambo lenyewe linamhusu yeye. Kwa hivyo nimetafuta kalamu. Barua nitaituma kwa ofisi ya vifurushi pale Bungoma mjini, mkeo Roselyne ataichukua akitoka kazini.

Mtaa unabomolewa. Wajukuu wa mwenye kinu wameuza kila kitu, kinu chenyewe kilichokufa zamani na hizi nyumba tulizopanga. Aliyenunua anataka kujenga ghorofa. Tumepewa hadi mwisho wa Julai. Ametuambia sisi wapangaji wa zamani tutatafutiwa nafasi kwenye ghorofa zake nyingine zilizo upande ule wa soko, na juzi nilikwenda kuziangalia.

Wamalwa, nimechoka tangu siku hiyo. Nyumba yenyewe ni safi, sitasema uongo. Ina tailisi, ina maji. Lakini ina mlango mmoja. Ukiufungua uko sebuleni. Choo kinafunguka hapo hapo sebuleni. Mama yako akitaka kwenda choo usiku itabidi apite mbele ya magoti yangu.

Wewe ni mwanaume na unaelewa. Dada yako Nelima alipougua, mama yako alikuja kumuuguza, na tulipomzika akabaki kunilelea mtoto wetu Ciru. Watu wa kwenu walinung'unika, na wa kwetu pia, maana hata sisi Wakikuyu mtu hakai na mama mkwe. Kilichotuokoa ni nyumba hii. Ilijengwa na Wazungu kwa makarani wa kinu, na wao hawakutaka kumwona mpishi. Ndiyo sababu jiko liko nje, na chumba cha mpishi kimeshikana na jiko, na kuna kibaraza chenye paa kinachounganisha huko na huku, na mlango wa nyuma unaoelekea kichochoroni. Chakula kinapitishwa kwa kidirisha kilicho kati ya stoo na chumba cha kulia. Bwana alikula bila kuona aliyepika. Basi sisi tumeutumia ujeuri wao kwa heshima yetu. Mimi nina barabara ya mbele, veranda na sakafu nyekundu. Mama ana kichochoro na marafiki zake. Miaka kumi na moja uwanja mmoja, na hakuna siku nimemkosea adabu.

Sasa naona hakuna njia nyingine ila arudi kwake Bumula. Ciru yuko chuoni Kibabii, hahitaji kulelewa tena. Nataka tu kujua: ile nyumba mzee aliyomwachia iko katika hali gani? Paa linavuja? Niambie ukweli mapema ili tujipange. Mama mwenyewe sijamwambia. Sioni mdomo wa kumwambia.

Shemeji yako,
Muigai

*

Bumula,
27 Februari 2025

Mulamwa,

Sasa! Barua yako imenifanya nicheke, halafu ikanihuzunisha. Mtaa wa Kinu kubomolewa! Ile veranda yako, ati iende na tingatinga? Nakumbuka nilipokuja kwako kwa mazungumzo ya mahari, si ulinikalisha pale ukaniambia nisiguse ukuta kwa sababu rangi ilikuwa mbichi? Dunia hii bana.

Kuhusu mayi, mama yetu, usiwe na wasiwasi. Nyumba yake iko imara. Ni mambo madogo madogo tu: mabati mawili, mlango wa jikoni, na kupaka chokaa. Nimeshaongea na fundi. Lakini usimlete sasa. Kwanza tupande mahindi, halafu mvua ikipungua kidogo tumalize hiyo kazi. Mtu mzee hawezi kuingia nyumba yenye vumbi la saruji, kifua kitamsumbua.

Na usijisumbue kuja kuangalia. Barabara ya huku ni mbaya na wewe una duka la kuangalia. Nikiwa tayari nitakuandikia.

Roselyne anawasalimia. Mungu ni mwema.

Wako,
Wamalwa

*

Mtaa wa Kinu,
Kitale.
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mulamwa Wamalwa,

Nimengoja barua yako hadi nimeona niandike tena. Umeshapanda, mvua imeshika, fundi naye amefika wapi?

Huku watu wameanza kuondoka. Kabiru wa nyumba ya kona alihama wiki iliyopita. Kabla jioni haijaingia, vijana walikuwa juu ya paa wakiteremsha vigae. Vigae vyekundu vile vimekaa pale tangu kabla mimi sijazaliwa, na havikuchukua hata siku mbili. Kisha wakang'oa mbao za dari, kisha fremu za madirisha. Nyumba bila madirisha inakuangalia vibaya ukipita. Ua wa kayaba ambao Kabiru alikuwa anaukata kila Jumamosi kama anamnyoa mtoto, sasa mbuzi wanaingia na kutoka.

Kinachoniumiza zaidi ni kichochoro. Unajua asili yake: zamani vyoo vilikuwa vya ndoo, na kichochoro kilijengwa ili wabeba ndoo wapite nyuma wasionekane. Aibu ya mtaa mzima ilipita hapo. Lakini baadaye wamama wakakichukua. Mama yako, Gladwell na wengine wanakaa pale kwenye viti vifupi wakichambua maharagwe, wakikosoa kwaya ya kila kanisa. Nikiwa chumbani nasikia kicheko chao ukutani. Sasa waliobaki ni mama yako na Gladwell peke yao.

Juzi wapimaji walikuja, wakaweka alama za rangi kwenye kila ukuta. Jioni nikasimama kibarazani kama kawaida kuuliza kama kuna kitu kinachohitajika. Mama alikuwa jikoni amenipa mgongo, kama ilivyo desturi yetu.

Akauliza, "Wale wanaume walikuwa wanapima nini?"

"Barabara, Mama."

"Barabara inapita ndani ya jiko langu?"

"Ni kupima tu, Mama. Serikali ina mambo mengi."

Nikasikia anakoroga uji kwa muda mrefu kuliko uji unavyohitaji. Halafu akasema, "Mkaa umebaki kidogo," na mimi nikasema nitaleta. Hayo ndiyo tuliyoongea.

Nilimwambia Ciru amweleze. Akakataa. Alisema, "Baba, hilo ni lako na la mjomba, msinitumie kama bahasha." Ana haki.

Wamalwa, ninakuomba, nipe tarehe. Mimi si kijana, na kuishi na jambo ambalo huwezi kulisema ndani ya nyumba yako kunachosha kuliko kubeba magunia.

Muigai

*

Bumula,
18 Mei 2025

Mulamwa,

Pole kwa kuchelewa. Fundi aliugua, halafu akapata kazi Cheptais, halafu mvua. Unajua mafundi.

Nimefikiria sana na nimeomba. Kwani kuna ubaya gani mayi akikaa nawe kwenye hiyo ghorofa kwa muda? Siku hizi watu wameokoka. Hizi habari za mkwe na mama mkwe ni za wazee wetu ambao hawakujua Neno. Weka pazia. Mama akitaka kupita, wewe geukia ukuta. Hata pasta wetu alihubiri ati mila zisitufunge.

Ni muda mfupi tu, si milele.

Wamalwa

*

Mtaa wa Kinu,
Kitale.
1 Juni 2025

Wamalwa,

Nimesoma barua yako mara mbili nikiamini kuna ukurasa umepotea.

Mimi ndiye Mkikuyu, wewe ndiye Mbukusu, na ni mimi ninayekukumbusha heshima ya mama yako mzazi? Nigeukie ukuta? Mwanamke aliyenilelea mtoto, aliyenipikia siku ambazo sikutaka hata kuamka, nimlipe kwa kumfanya apite nyuma ya pazia akishikilia mkojo hadi nilale?

Sikujua moyo wako umekuwa hivi. Kama hutaki mama yako, sema. Lakini usimtie Mungu katikati.

Sitangoja fundi tena. Jumamosi ya tarehe kumi na nne nitamleta na vitu vyake. Nitaajiri pikapu. Kama kuna vumbi la saruji, tutafagia.

Muigai

*

Kibabii,
6 Juni 2025

Baba Ciru,

Tafadhali usimlete Jumamosi. Nakuandikia nikiwa kazini, hapa jikoni kwa hoteli ya wanafunzi, na Wamalwa hajui. Mimi ndiye huchukua barua zako pale ofisi ya vifurushi, na hii ya mwisho nilimwona akiisoma. Aliikunja, akaenda kukaa shambani hadi jioni.

Hakuna fundi. Hajawahi kuwepo. Nyumba ya mayi haina shida yoyote, mabati yote yako sawa. Shida ni kwamba sisi ndio tunaoishi ndani yake.

Mwaka jana mvua ya Novemba iliangusha nyumba yetu. Ukuta wa upande wa mto ulilainika, ukalala chini na kuvuta paa. Mungu alisaidia tulikuwa kanisani. Tulikosa pa kwenda, tukafungua ya mayi, tukasema ni wiki moja. Wakati huo shule ya watu binafsi ambayo Wamalwa alikuwa anafundisha ilikuwa imefungwa, kwa hivyo nategemewa mimi na hili jiko.

Unajua kwetu, kijana akishatahiriwa halali tena nyumbani kwa mama yake. Sasa mzee mzima, mwenye wana waliotahiriwa, analala na mke wake ndani ya nyumba ya mama yake. Wamalwa anajua ni aibu ya namna gani. Anangoja watu wafunge milango ndipo aingie, na akitoka asubuhi anatoka na jembe ili aonekane amekuja kulima tu. Majirani wote wanajua. Wanamwacha aigize.

Alifyatua matofali mwenyewe, kuanzia Januari. Aliyapanga vizuri sana, Baba Ciru, ungeona. Kabla hajapata kuni za kuyachoma mvua ya Machi ikaja mapema, ikayarudisha yote kuwa udongo. Alisimama akiyaangalia.

Si kwamba hampendi mama yake. Anaogopa mama yake kumkuta kitandani mwake. Tafadhali usimwambie nimekuandikia.

Roselyne

*

Mtaa wa Kinu,
Kitale.
15 Juni 2025

Mulamwa Wamalwa,

Naona Jumamosi imepita na sikuja. Samahani kwa barua yangu ile, niliiandika nikiwa na hasira. Biashara ya mbegu na mbolea msimu huu inamtoa mtu akili.

Kuna habari njema. Mwenye kununua ametuongezea muda. Tutakaa hapa hadi Desemba au hata zaidi. Kwa hivyo usikimbizane na fundi. Endelea polepole, jua likitoka utamaliza.

Mama hajambo. Ciru anasema mitihani ni migumu.

Usilale na mawazo.

Muigai

*

Jikoni,
29 Juni 2025

Muigai, mwana wetu,

Barua hii nitaiweka kwenye kidirisha cha chakula, chini ya sahani yako. Nimeandika kwa sababu mdomo wangu na masikio yako havijazoeana. Usinijibu leo. Soma kwanza, kisha ule.

Nyinyi wanaume mmeandikiana kama serikali mbili. Mimi na Roselyne tunaongea kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa. Nyumba ya Wamalwa ilipoanguka, nilijua kabla vumbi halijatulia. Wala habari ya kubomolewa kwa mtaa hukunificha. Gladwell aliisikia kabla ya Krismasi. Siku uliponiambia wanapima barabara, nilinyamaza kwa sababu ulidanganya vibaya, kama mtoto aliyekula sukari.

Ciru ameniambia unavyoisifu nyumba hii, kwamba imetulindia heshima. Nataka ujue nyumba hii upande wangu. Wewe hujawahi kuingia chumbani kwangu, na hiyo ni sawa, hupaswi kuingia. Kwa hivyo hujui dirisha liko wapi. Liko juu, karibu na paa, dogo kama gazeti. Walilijenga hivyo ili mpishi asichungulie bustani ya bwana. Nikilala naona mbingu. Nikisimama naona ukuta. Huko kwako kuna pahali pa kuwasha moto sebuleni. Huku hakuna, na Julai ya Kitale unaijua. Mkaa ninaokuomba si wa kupika peke yake.

Silaumu mtu. Mtu akinipa kiti cha heshima sitamwambia kiti kina baridi. Umekuwa mkwe mwema kuliko wengi waliozaliwa kwetu. Lakini tangu Ciru aende chuo, hakuna mtu aliyekula pamoja nami. Napitisha sahani yako kwenye kidirisha, nasikia kijiko chako, halafu nakula yangu nikiwa nimesimama jikoni. Wewe na Wamalwa mnaniheshimu kama watu wanavyoheshimu kaburi, wanalizunguka kwa mbali. Nimechoka kuzungukwa.

Na ule muda ulioongezewa hadi Desemba, huo pia ni uongo. Gladwell amenisomea tangazo kwenye lango. Umedanganya kumfichia mwanangu aibu, na hilo nitakukumbukia. Lakini tingatinga halisomi barua zenu.

Nimeamua. Naenda Bumula. Wamalwa na Roselyne watakaa humo humo nami mpaka apate nyumba yake. Alizaliwa katika nyumba ile, akiwa na kichwa kikubwa kilichonisumbua siku mbili. Kama ni mwiko, mwenye nyumba ni mimi, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Wewe uende kwenye ghorofa yako ukae kwa amani.

Nina ombi moja. Sijawahi kupita mlango wa mbele wa nyumba hii isipokuwa siku tulipomtoa Nelima. Siku ya kuondoka, pikapu isije kichochoroni. Isimame mbele.

Mama yako,
Nasambu

*

Bumula,
20 Julai 2025

Mulamwa,

Sijui nianzie wapi. Ulimpandisha mayi kwenye pikapu pale mlango wa mbele bila kunipigia, na ninajua yeye ndiye aliyekukataza. Roselyne pia amekiri alikuandikia. Na wewe ukakaa ukaniandikia ati muda umeongezwa, ati nisilale na mawazo. Nilipogundua niliona aibu kwanza, halafu nikalia. Sasa nimemaliza, naweza kuandika.

Alinikuta natoa kitanda. Niliona pikapu ikikunja kule kwenye mgomba, nikakimbia ndani, nikaanza kuvuta kitanda chetu kwa mlango wa nyuma. Kilikwama. Alipofika nilikuwa nusu ndani nusu nje, na kitanda kimenibana kwa kiuno.

Akasema, "Unapeleka wapi hicho?"

"Kwa jirani, mayi. Nitalala kwa jirani."

"Na Roselyne?"

Nikavuta kitanda tena.

"Nyumba hii tulijenga na baba yako. Ina vyumba vitatu. Nilimzaa mtu mmoja aliyebaki hai, na huyo analala kwa jirani? Rudisha kitanda, Wamalwa."

"Mayi, watu watasema."

"Walishasema. Mimi nimesikia nikiwa Kitale."

Nikarudisha. Mzee wa ukoo alikuja siku ya tatu, na fimbo yake, kuuliza kama ni kweli. Mayi alimkaribisha, akampa chai, akamwambia, "Unataka alale wapi? Kwako kuna nafasi?" Mzee alikunywa chai yote, akasifu maziwa, akaenda. Hajarudi.

Sitakudanganya tena kwamba kila kitu ni kizuri. Sokoni kuna wanaocheka. Kijana mmoja aliniita mwana wa mama mbele ya watu, na mimi nimefundisha huyo kijana kusoma. Nilinunua chumvi yangu nikaondoka. Lakini naingia nyumbani jua likiwa bado liko. Sikuwa nimejua ni jambo kubwa hivyo, kuingia ndani ukiwa unaonekana.

Mayi amekataa chumba chake cha zamani. Amechukua kile cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Anakaa hapo, anasalimia kila anayepita, hata asiowajua. Roselyne anasema ameanza kupata usingizi.

Nikishavuna nitafyatua matofali tena. Safari hii nitatafuta kuni kwanza.

Na wewe ghorofani unaendeleaje?

Wamalwa

*

Ghorofa ya tatu,
Kitale.
28 Desemba 2025

Ciru mwanangu,

Nilikukosa sana Krismasi. Najua mafunzo ya kazi hayana likizo kwa wanafunzi, na Nakuru ni mbali kwa siku moja. Umeniambia kwa simu nikueleze ilivyokuwa Bumula, nami nikasema ilikuwa vizuri. Simu ilinishinda. Sasa hapa mtandao uko hata chooni, na bado nimerudi kwenye kalamu.

Mtaa wa Kinu umekwisha. Walibomoa mnamo Agosti. Siku yenyewe sikwenda, nilifungua duka kama kawaida na kuuza dawa ya viwavi. Nilipita baadaye. Mawe yalikuwa yameshabebwa, wamebakisha bomba la moshi la nyumba yetu limesimama peke yake, sijui kwa nini. Nilitafuta chumba cha nyanya yako. Nilitaka kuona lile dirisha alilonieleza. Lakini hapo palikuwa na shimo la msingi lenye maji, na askari akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo.

Nyanya yako alinitumia ujumbe kupitia Roselyne kwamba nije Krismasi na nisije kusimama uani kama mgeni. Nilibeba blanketi na sukari, na kuku nikakuta amechinjwa. Wamalwa amekonda lakini uso wake una nuru. Matofali yake yamechomwa, mekundu, amenizungusha kuyaona yote kana kwamba ni watoto.

Halafu tukaitwa mezani. Mjomba wako akakaa, Roselyne akakaa, na nyanya yako akavuta kiti mbele yangu kabisa. Mimi nikainamia sahani. Hayo ndiyo mazoea yangu, Ciru. Tangu siku nilipokwenda kuomba mkono wa mama yako, nilimwona nyanya yako kwa lesso, kwa viatu, kwa mikono kwenye kidirisha. Mtu mwenye adabu hamtazami mama mkwe usoni, na mimi nilijitahidi kuwa na adabu.

Akasema, "Muigai, inua macho. Nimezeeka, siumi."

Nikainua.

Ciru, ni mama yako. Sisemi anafanana naye kama watu wanavyosema wakitaka kufurahisha familia. Ni paji lile lile, ni ule mwanya, na lile jicho la kushoto linalotangulia kufumba anapotaka kucheka. Ni Nelima kama angeachwa afike miaka sabini. Nilikuwa na tonge mkononi na sikuweza kulipeleka popote. Mjomba wako alidhani nimekabwa na mfupa, akaanza kunigonga mgongoni.

Nyanya yako akauliza, "Ni nini?"

Nikasema, "Ni Nelima."

Roselyne akaacha kupakua mboga. Wamalwa akaondoa mkono mgongoni pangu.

Nyanya yako akasema, "Kila mtu alikuwa akisema hivyo tangu akiwa mtoto. Nilidhani unajua." Halafu nikaona naye amegundua kwamba sikujua, na kwamba miaka ile yote nimelia upande wangu wa ukuta na yeye upande wake. Akanisogezea bakuli la kuku. "Kula kwanza. Ugali ukipoa haumezeki."

Nikala. Nilikula nikimwangalia na hakukasirika.

Wewe ulikuwa darasa la pili mama yako alipotutoka. Juzi uliniambia sura yake sasa unaikumbuka kwa picha ya kitambulisho tu, na picha ile haikumtendea haki, hata yeye aliichukia. Kwa hivyo nakuomba jambo. Ukipata likizo usianzie Kitale. Nenda Bumula. Si jikoni, na si jioni. Mwombe nyanya yako mkae nje penye mwanga, umchekeshe, halafu umtazame vizuri bila haraka.

Mimi nitangoja hapa.

Baba yako,
Muigai